Pasi Ndani ya Meli

Kitu cha kwanza nilichokitafuta katika jumba la makumbusho ya bahari kule Japani kilikuwa pasi ya mkaa. Najua inavyosikika. Mwanamke mzima, mwenye duka lake la vipuri Katwe, Kampala, amepanda ndege kwenda kununua injini zilizotumika, mvua imemfungia mjini siku ambayo bandarini hakuna kazi, anakata tiketi aingie mahali pakavu, na badala ya kushangaa kama wageni wengine anainama chini ya kila meli ya mfano akiichungulia tumboni. Mlinzi alinikazia macho. Mimi nikaendelea kuchungulia.

Harufu ndiyo iliyonichokoza. Mahali fulani nyuma ya ukuta fundi wa jumba lile alikuwa akilehemu kitu, na harufu ya bati linalopata moto, na ile asidi inayochemka na kukuwasha puani, ilipenya hadi pale nilipokuwa. Wenzangu wa umri huu waliokulia Kampala baada ya vita wana harufu zao. Wengine wanakumbuka sabuni ya kipande, wengine unga wa njano wa msaada. Mimi nikinusa lehemu, nakuwa mtoto papo hapo, nimekaa juu ya pipa lililopinduliwa, miguu haifiki chini.

Baba yangu, Fundi Mutua, alikuwa Mkamba wa Machakos, Kenya, aliyekuja Kampala kijana na kukataa kuondoka, vita vikaja vikamkuta na vikapita vikamwacha. Alitengeneza masanduku ya bati, yale ambayo kila mtoto wa shule ya bweni alikwenda na moja lake, lenye bawaba mbili nyuma na komeo la kufuli mbele. Mabati yake yalitokana na mapipa aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo, na mengi yalikuja na matundu ya risasi. Baba aliyaziba kwa tone la lehemu, akalisugua kwa jivu hadi likalingana na bati lenyewe. Mtoto aliyepeleka sanduku la baba shuleni hakujua kamwe kwamba lilikuwa na tundu. Mimi nilijua kila mahali lilipokuwa, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kulinyanyua bati juani na kumwonyesha baba mwanga unapopenya.

Kiwanja kilikuwa cha Ssalongo. Ndivyo tulivyomwita, baba wa mapacha, na jina lake lingine sijalijua hadi leo. Mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Kiswahili hakukipenda. Watu wengi wa Kampala miaka ile hawakukipenda, kwa kuwa mengi mabaya waliyoamriwa kwenye vizuizi vya barabarani waliamriwa kwa Kiswahili. Mama yangu akiuliza bei ya nyanya sokoni, wauzaji waligeuka kwanza kuangalia kama kuna mwanajeshi. Lakini baba Kiganda chake kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo Ssalongo alijikaza.

Siku moja alikuja kwenye kibanda chetu na kalenda mkononi. Alikuwa anabomoa mstari mzima wa vibanda ili ajenge duka la vipuri vya magari ya Kijapani, yale ya mitumba yaliyokuwa yameanza kuingia mjini.

"Fundi," alisema, "mimi nataka meri."

"Meli, Ssalongo?"

"Meri. Kama hii." Alipiga kalenda kwa kidole. Kulikuwa na picha ya meli kubwa nyeupe na bluu, imetulia bandarini, nyuma yake mnara mwekundu na milima. "Kubwa. Natia juu ya duka, mtu anatoka huko Kibuye anaona, anasema eh, vitu vya Ssalongo vinatoka bahari kabisa. Unaweza?"

"Naweza," baba akasema. Hakuwahi kuona meli maishani mwake. Machakos kwao mto wenyewe ulikuwa na maji kwa ratiba.

"Kale, sawa. Mbele ya duka naacha nafasi ya kibanda kimoja tu. Ukitengeneza meri ya kweli, hiyo nafasi ni yako. Ukishindwa, pole sana, ssebo, utatafuta pengine."

Pengine hapakuwepo. Katwe ilikuwa imejaa hadi mitaroni, kila mwenye nyundo alikuwa amerudi kutoka alikokimbilia. Jioni hiyo nilimsikia baba akimwambia mama ukweli bila kuuzungusha: meli ikikubali tunabaki, ikikataa tunarudi Machakos. Mama alikuwa anamenya ndizi. Alisema "Sawa," akaendelea kumenya, na kesho yake akaanza kufunga vitu.

Hilo lilinitia hofu kuliko bunduki zote nilizopata kuzisikia. Mimi nilizaliwa hospitali ya Mengo. Machakos nilikuwa nimeijua kwa simulizi za mama tu, na katika simulizi zake kulikuwa na bibi, mbuzi na vumbi. Rafiki zangu wote walikuwa Katwe. Kiganda changu kilikuwa safi kuliko cha watoto wengine wa Baganda, nasema hivyo bila haya. Nilikuwa na pipa langu la kukalia. Nilimwona mama akikunja mashuka na kuyapanga ndani ya sanduku mojawapo la baba, nikaapa kwamba meli ile itakuwa ya kweli hata kama itabidi niilambe ing'ae.

Basi nikajipa kazi ya kuishika kalenda. Baba alichora kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, akiinua kichwa kutazama picha, akiinamisha kuchora, na mimi nikiwa nimesimama mbele yake, mikono juu, hadi mabega yakaniuma. Alipofika chini alisimamisha chaki.

"Mwende, hapa chini kuna nini?"

"Maji, baba."

"Najua maji. Meli yenyewe inaishia wapi?"

Nilisogeza pua karibu na karatasi. "Hapo hapo. Kwenye maji."

Na ndivyo ilivyokuwa pichani. Meli iliketi juu ya bahari kama pasi juu ya shuka, na mtu ambaye kazi yake ni masanduku angewezaje kufikiri vinginevyo? Sanduku lina kitako bapa. Baba akaweka kitako bapa. Akapanda juu, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha madogo aliyoyatoboa kwa msumari mmoja mmoja, na juu kabisa akasimamisha bomba la moshi, ambalo lilikuwa kipande cha ekzosi halisi ya lori. Kizito hicho! Na kwa kuwa alikuwa baba na si mtu mwingine, sitaha akaifanya kifuniko chenye bawaba mbili, na ubavuni akaweka komeo la kufuli.

Abdala ndiye aliyelicheka komeo. Alikuwa Mnubi wa Bombo, wazee wake waliletwa kutoka Sudani kuwa askari wa Mwingereza, naye kibanda chake kilipakana na chetu. Alitengeneza sigiri, majiko ya mkaa. Alimpenda baba, na njia yake ya kumpenda ilikuwa kumsumbua.

"Mutua, ndugu yangu, hii meli inafungwa kufuli? Nani ataiba bahari?"

"Kitu chenye tumbo kinafungwa," baba alimjibu bila kuinua macho.

"Na itaelea?"

"Inakwenda juu ya paa, Abdala. Itaelea kwenye nini?"

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Katwe neno likitoka halirudi. Siku ile ile mstari mzima ulikuwa unauliza kama meli ya Mkenya itaelea. Wengine waliapa kuwa itazama. Swali lilimfikia Ssalongo, na Ssalongo hakuwa mtu wa kuachia watu nafasi ya kumcheka. Alitangaza kwa sauti yake ile kwamba Jumamosi meli itapelekwa ziwa la Kabaka, pale bondeni kati ya Mengo na Lubaga, ielee mbele ya kila mwenye macho, ndipo ipande juu ya duka.

"Kama inalala mbele ya watu," alimwambia baba, na safari hii hakucheka, "mimi natafuta fundi mwingine. Sitii aibu juu ya paa yangu."

Jumamosi tuliipakia kwenye mkokoteni wa Abdala. Ilikuwa na urefu wa kitanda changu, nyeupe juu, bluu chini, na baba alikuwa ameandika jina la Ssalongo ubavuni kwa herufi nyekundu. Nyuma yetu waliandamana mafundi, wachuuzi, na watoto wote niliowajua. Kwenye ukuta wa Lubiri, jumba la mfalme wa Buganda, ambako wakati huo walikaa wanajeshi na si Kabaka mwenyewe, askari mmoja alitusimamisha.

"Hiyo nini?"

"Meli, afande," baba akasema.

Askari aliizunguka. Aligonga bomba la moshi kwa ukucha. "Inaenda wapi?"

"Kwa Kabaka, afande. Kuelea."

Askari alitutazama mmoja mmoja, kisha akaangua kicheko, kicheko cha kijana tu, na nikaona kwamba hakuwa amenizidi umri sana. "Pita. Ikirudi nataka kuona kama imelowa."

Ziwa la Kabaka si ziwa la kutisha. Lilichimbwa na watu kwa mikono, na siku ile lilikuwa la kijani, limetulia, na sisi tukajipanga ukingoni. Baba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia na Abdala hadi maji yakawafika kiunoni. Waliiteremsha meli taratibu. Baba akaondoa mikono.

Ilisimama kwa muda wa kuvuta pumzi moja, nayo nilikuwa nimeivuta. Kisha bomba la moshi likainama upande, polepole, kama mzee anayesinzia kanisani, na meli yote ikalala ubavu.

Kicheko kilichotoka pale kingefika Entebbe. Baba akaiinua, akaifuta, akaiachia tena. Ikalalia ubavu wa pili. "Imechoka na safari!" mtu akapaza sauti. "Mkenya amejenga kitanda!" Ssalongo alisimama mikono mgongoni, shingo imevimba, hacheki. Nami nilisimama na ile kalenda, nilikuwa nimeibeba hadi huko, nikiikazia macho picha na kuona kwamba tulifanya kila kitu kama kilivyo pichani, kila kitu. Nililia kwa hasira. Nilimchukia yule aliyepiga picha.

Hapo ndipo mama alipotokea. Hakuwa amekuja nasi. Alikuwa na kazi Lubaga. Mama alipiga pasi nguo za watu majumbani, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa, siku ya mashati ya kanisani. Alikuwa anateremka kilima na kikapu kichwani, ndani ya kikapu pasi zake mbili za mkaa, nzito, nyeusi, zimemwagwa majivu. Ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho. Alishawaaga mabibi zake wote. Pasi ndizo zilizokuwa zimebaki kufungwa.

Alisimama akatazama. Aliona watu wanavyocheka, akamwona mumewe majini na meli imelala mbele yake. Akatua kikapu. Akavua ndala, akazipanga vizuri kando ya kikapu, akaingia majini na gauni lake, na watu wakaanza kunyamaza kuanzia waliokuwa karibu naye. Aliisimamisha meli kwa mkono mmoja, akafungua komeo, akainua kifuniko, akaweka pasi ya kwanza chini kabisa, akaweka ya pili, akafunga. Akaiachia.

Meli ikashuka. Bluu yote ikamezwa na maji, maji yakapanda kuelekea madirisha, nikafunga macho. Nilipofungua ilikuwa imesimama. Imesimama wima, imekaa ndani ya maji na si juu yake, bomba la moshi limenyooka, na upepo ulipopita ikatikisika kidogo ikarudi mahali pake. Ilifanana na ya kwenye kalenda kabisa. Ilifanana kuliko ilivyofanana mwanzo.

"Iko imesimama!" Ssalongo alipiga kelele. "Banange, meri imesimama! Mnaiona? Na nyinyi mnaosema, mnaiona?" Watu walirukaruka, Abdala alijitupa majini mzima mzima. Baba hakuruka. Baba alisimama pale maji kiunoni akimtazama mama, na machozi yakimtoka waziwazi mbele ya Katwe yote. Mama aliangalia pembeni, akakamua pindo la gauni lake.

Meli ikapanda juu ya duka na pasi ndani, kwa sababu Ssalongo alikataa kabisa kifuniko kifunguliwe. Akanunua kufuli mwenyewe. Tulifungua mashuka. Baba akapata kibanda chake mbele ya duka, na katika kibanda hicho nikajifunza kulehemu, na baadaye kuuza, na baadaye kuwapita wengi waliokuwa wakinicheka kwa kuwa msichana. Mama hakununua pasi nyingine. Alianza kuuza chai na maandazi pale pale mbele, na chai yake ilikuwa na jina.

Na mimi nikaelewa jinsi meli zinavyofanya kazi. Niliamini, kwa uhakika wote wa mtoto aliyeona kwa macho yake, kwamba ndani ya kila meli duniani, chini kabisa, kuna pasi, na kwamba kuna mwanamke mahali fulani aliyeziweka. Shuleni nilichora meli na pasi tumboni mwake. Mwalimu akaniwekea alama ya kosa. Nilimhurumia; niliona hajawahi kufika ziwani.

Kwa hiyo mwanamke mzima alipoinama chini ya meli za mfano ndani ya vioo kule Japani, msimcheke sana. Zilikuwa na tumbo, wenzangu. Kila moja ilikuwa na tumbo refu la mviringo chini ya mstari wa maji, limepakwa rangi nyekundu, kubwa karibu kuliko sehemu inayoonekana, na hiyo ndiyo nusu ambayo kalenda ya Ssalongo ilituficha. Nilicheka peke yangu hadi nikashika kioo. Mama mmoja mzee wa Kijapani, mwenye glavu nyeupe, mhudumu wa pale, akaja kuniangalia kama ninaumwa. Nikamwonyesha kwa mikono: ndani, chini, kuna nini? Akanishika kiwiko, akanipeleka hadi kwenye meli ya zamani iliyokatwa ubavu mmoja ili ndani pawe wazi, akanyoosha kidole. Mawe. Mawe ya kawaida ya mtoni, yamepangwa chini kabisa ili meli isimame.

Nilitoka nje chini ya paa, mvua inanyesha, nikampigia mama simu. Yuko Kampala. Tulimzika baba Machakos, na kila mtu alidhani mama atabaki kule sasa, nyumba ipo, dada zake wapo. Arobaini ilipokwisha alipanda basi la kurudi na kikapu chake.

"Mama, wanaweka mawe," nikamwambia. "Kwenye meli. Ulijua bila kusoma. Sijawahi kukuuliza, nani alikufundisha?"

Nilimsikia akiweka kikombe mezani.

"Hakuna mtu alinifundisha," alisema. "Mwende, mimi nilitaka izame."

"Izame?"

"Izame kabisa, iende chini, watu waache kumcheka baba yako. Kitu kimelala hivyo mbele ya watu ni aibu. Kikizama kimekwisha. Na pasi ziende nayo, nilikuwa nimechoka na mashati ya watu. Nilitaka kurudi nyumbani, mtoto wangu. Nilishafunga mashuka." Nilisikia akivuta pumzi. "Basi nikaachia, na hiyo kitu ikasimama."

"Na baba?"

"Baba yako akanitazama vile. Wewe uliona alivyonitazama. Mtu anakutazama hivyo, unamwambia nini? Nikakaa."

Mvua ilikuwa inagonga lami ya bandarini. Meli ile sasa iko juu ya duka langu. Ssalongo alipofariki na jengo lake likabomolewa, wanawe walinipa, na kufuli bado liko palepale, limeganda kutu. Nikauliza kitu kilichokuja mdomoni.

"Nikirudi nivunje kufuli, mama? Nikutolee pasi zako?"

"Wacha," mama akasema haraka. "Unataka ianguke?"